Shemeji Aliniuliza Kama ni Tamu

"Tamu?"

Shemeji alikuwa ameshika bilauri kwa mikono miwili, kama anavyoshika kikombe cha uji. Ilikuwa jioni yake ya tatu hapa Sacramento, California, usingizi wa safari haujamwisha, na mimi nilikuwa nimefungua chupa ya divai nyekundu niliyoiweka kwa ajili yake tangu siku mke wangu aliponiambia kaka yake amepata viza.

"Hapana," nikamjibu, najiamini kabisa. "Si tamu. Ni kavu."

Akaitazama bilauri. Akanitazama mimi.

"Sasa kama si tamu, unanipa ya nini?"

Tukacheka wote watatu. Kisha akapiga funda, akaizungusha mdomoni, akameza, akakaa kidogo. Aliposema tena hakuwa anacheka.

"Lakini hii ni tamu, shemeji. Hii ina sukari."

Shemeji wangu si mtu wa kupuuza kwenye jambo hili. Ana ekari mbili za zabibu Hombolo, nje kidogo ya Dodoma mjini. Wanunuzi wakija na kile kipimo chao cha sukari, yeye anakuwa ameshatafuna punje tano kutoka pembe tano za shamba na anajua watakachokisoma. Mimi nina miaka sita ya uhudumu kwenye mgahawa, cheti kimoja cha kuonja, na daftari. Kwenye daftari hilo chupa ile nilikuwa nimeipa 88 kwa 100, na pembeni nimeandika kwa mwandiko wa madaha: matunda meusi, vanila, ukakasi laini, kavu.

Kavu. Nililiandika mwenyewe.

"Hayo ni matunda, shemeji," nikamwambia. "Zabibu zikiiva sana ulimi unadanganyika, unadhani ni sukari."

"Haya," akasema.

Mnaijua hiyo "haya". Ni ile ya mgeni aliyeamua kwamba nyumba si yake na ubishi hauna faida. Imenikaa kichwani wiki tatu.

Jibu la mezani

"Hayo ni matunda, si sukari." Sentensi hii sikuitunga mimi. Nilifundishwa wiki yangu ya kwanza kazini, kwa sababu mteja wa Kimarekani anapenda divai yenye utamu lakini hapendi kuambiwa anapenda divai yenye utamu. Ukimwambia ni laini, anafurahi. Ukimwambia imeiva, anaagiza chupa ya pili. Nimeitamka sentensi ile mara nyingi hadi nikasahau kwamba ni ya kuuzia, nikaanza kuiamini kama elimu.

Siku ya nne usiku, wenzangu wamelala, nikatafuta karatasi ya kiufundi ya divai ile, ile ambayo mtengenezaji huwaandalia wauzaji. Haikuwa siri. Haikuwa hata mbali. Asidi, kilevi, miezi kwenye mapipa ya mwaloni, halafu mstari wa mwisho: sukari iliyobaki, gramu 12 kwa lita.

Divai ambayo sisi tunaiita kavu huwa na gramu mbili, tatu, au chini ya hapo.

Kwenye kibandiko cha chupa hakuna hata neno moja kuhusu hilo, na sheria ya Marekani haiwalazimishi kuliandika. Divai ikipita asilimia 14 wanalazimika kuandika kilevi, tena kwa ruhusa ya kukosea: namba ya kwenye kibandiko inaweza kutofautiana na ya kweli kwa asilimia moja nzima, juu au chini. Wanalazimika kusema ina salfaiti, ile dawa ya kuhifadhi. Wanalazimika kuwaonya wajawazito na madereva. Sukari ni siri ya ulimi wako.

Na ulimi wangu ulikaa nayo jioni nzima bila kuiona.

Neno lenye milango miwili

Kilichonisumbua zaidi ni neno lenyewe. Sisi tuna "tamu" moja. Chai yenye sukari ni tamu, nyama iliyokolea chumvi ni tamu, sauti ya mtu ni tamu, usingizi wa alfajiri ni mtamu. Shemeji aliponiuliza mara ya kwanza alikuwa anauliza kama divai inapendeza kinywani. Nikamjibu habari za sukari. Alipoonja akanipa habari za sukari, nami nikakimbilia kumweleza kwa nini inapendeza.

Kwa siku kadhaa nilidhani tatizo ni Kiswahili chetu, hakina ncha ya kutosha kwa kazi hii. Jirani tu ya hapa, Davis, kiko chuo kikuu ambako profesa Ann Noble alitengeneza gurudumu la harufu za divai mnamo 1984. Ni duara lenye majina ya vitu: pilipili manga, karafuu, nyasi mbichi, moshi. Maneno ya kusifu, kama "ya kifahari" au "murua", aliyaacha nje makusudi. Unachokinusa ni jambo moja na unavyokipenda ni jambo lingine, na mwonjaji anatakiwa kuanza na la kwanza. Kwenye gurudumu lile "tamu" yetu ingefukuzwa mlangoni.

Lakini Kiingereza nacho kina shimo lake, na mimi nilikuwa nimetumbukia humo. Neno lao la "kavu" linabeba kazi mbili: divai isiyo na sukari, na mdomo unaokauka baada ya kumeza. Mteja analalamika divai ni kavu mno wakati anacholalamikia ni tanini, kile kitu cha kwenye maganda na mbegu za zabibu kinachokausha mdomo. Sisi hapo tuko vizuri. Tuna ukakasi. Mtoto aliyewahi kuuma ndizi mbichi au bibo la korosho hahitaji cheti kuujua, namna ulimi unavyokuwa kama umepanguswa kwa kitambaa cha gunia. Na ndivyo ilivyo hasa: tanini hushikana na protini za mate, utelezi unaondoka, kinywa kinakwaruza.

Nilipomweleza shemeji kwamba divai isiyo na sukari huku inaitwa kavu, alisema, "Kavu vipi, na ni maji?"

Sikuwa na jibu.

Wamechakachua?

Siku ya pili ya mjadala wetu (kwa wakati huo ulikuwa umeshakuwa mjadala, mke wangu alikuwa amehama sebuleni) shemeji aliichukua chupa na kutafuta jina la zabibu. Hakuliona. Kibandiko kilisema ni divai nyekundu ya mchanganyiko, California, basi.

"Zabibu gani?"

"Nyingi. Zinfandel, Syrah, Petite Sirah, labda na Cabernet kidogo."

"Kwa nini hawasemi?"

Nikamweleza. Hapa ili uandike jina la zabibu moja kwenye chupa, angalau asilimia 75 ya divai iwe imetoka kwenye zabibu hiyo. Usipofika hapo, au usipotaka kubanwa na hesabu hiyo, unaandika mchanganyiko tu, na ni hiari yako kutaja kilichomo.

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayesikiliza injini. "Kwa hiyo wamechakachua."

Mtu aliyewahi kuuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa halitumii neno hilo kwa mzaha. Nikajikuta nawatetea Wamarekani hadi jasho likanitoka. Nikamwambia kuchanganya si kuchakachua. Zinfandel ina tabia mbaya: kwenye kichala kimoja unakuta punje zilizokwisha kunyauka zimekaa ubavu kwa ubavu na punje za kijani. Inakupa matunda na kilevi kwa wingi, lakini rangi yake na mifupa yake havitoshi kila mwaka. Petite Sirah inaleta weusi na ukakasi. Carignane inaleta uchachu. Kila mmoja anaziba pengo la mwenzake. Wafaransa wa Bordeaux wamechanganya kwa vizazi, na mwaka 1988 Wamarekani waliofuata njia hiyo wakabuni hata jina lao wenyewe, Meritage, ambalo wateja wangu wote hulitamka Kifaransa ilhali ni la Kiingereza tupu.

"Haya," akasema. Ya pili hiyo.

Na nilipokuwa nayasema hayo nilijua kuna sehemu ninayoiruka. Sheria za California haziruhusu kumwaga sukari ya miwa kwenye divai, lakini juisi ya zabibu iliyokolezwa, nzito kama asali, inaruhusiwa. Ipo hadi ya kutia rangi, inayotokana na zabibu iitwayo Rubired, iliyozalishwa na Harold Olmo palepale Davis na kutolewa kwa wakulima mwaka 1958. Ni zabibu ambayo hata nyama yake ya ndani ni nyekundu. Kijiko chake kinabadilisha sura ya pipa. Siwezi kuapa kama chupa yangu ilipitia huko. Ila mtu anayeapa haikupitia pia atakuwa jasiri.

Vikombe vitatu

Jumamosi nikaamua kumaliza ubishi. Nikanunua divai nyekundu ya California ambayo karatasi yake ilisema gramu 2 kwa lita. Mke wangu akakubali kuwa mwamuzi kwa masharti kwamba nami nitaosha vyombo. Jikoni, mlango umefungwa, alimimina vikombe vitatu vya mililita 150 na kuviandika namba kwa plasta ya dawa. Namba moja, divai kavu kama ilivyo. Namba mbili, divai ileile na gramu 1.8 za sukari ya dukani, chini ya nusu kijiko cha chai, imekorogwa hadi ikapotea. Namba tatu, chupa yangu ya 88.

Mimi na shemeji hatukujua kipi ni kipi. Nilichojua ni kwamba kimoja kimetiwa sukari, na niliingia mle jikoni nikiwa na uhakika nitakinasa kwa funda la kwanza.

Namba moja ilinikwaruza. Nikaandika: changa, ngumu, 83.

Namba mbili ilikuja ikiwa imetulia, pana, matunda yamesogea mbele, ukakasi upo lakini umevaa soksi. Nikafumba macho. Niliandika, nanukuu daftari langu mwenyewe kwa aibu: "Imekomaa. Mizabibu ya zamani? Mkono wa fundi. 91."

Namba tatu niliitambua kwa harufu kabla ya kuonja. Vanila, na kitu nyuma yake ambacho sikuwahi kukipatia jina. Shemeji ndiye aliyekitaja: "Hii inanukia kashata." Ni kashata kweli, nazi na sukari iliyoungua kidogo. Baadaye nilikumbuka nilishasoma kwamba mwaloni wa Marekani una viini vinavyotoa harufu ya nazi kuliko wa Ufaransa. Nilikuwa nayo kichwani kama habari, pua yangu ikawa haijapewa taarifa.

Mke wangu akafichua majina. Sikusema kitu. Fundi niliyemsifu alikuwa kijiko cha chai.

Shemeji naye alikuwa amechagua namba mbili. "Ya kunywa, hii," alisema. Kisha akagusa namba moja. "Lakini zabibu iko humu."

Jambo ambalo nusura nisilione lilitokea baadaye, kwenye chakula. Tulikuwa na mbuzi wa kuchoma, kachumbari yenye pilipili na ndimu, ugali. Vikombe vilikuwa bado mezani. Kufikia tonge la tano namba mbili ilikuwa imegeuka juisi. Kachumbari ikiigusa inabaki sukari imesimama peke yake, kama mtu aliyevaa suti msibani. Namba tatu ilikuwa hivyohivyo, na kilevi kikipanda puani. Namba moja, ile changa, ile ngumu, mafuta ya mbuzi yaliuchukua ukakasi wake wote. Tulipoinuka ndicho kikombe pekee kilichokuwa kitupu, na hakuna aliyekuwa amesema neno juu yake.

Waamuzi wa maonyesho

Nilijifariji kwa muda na mzee mmoja, Robert Hodgson. Alikuwa profesa wa sayansi ya bahari na pia mtengeneza divai mdogo kaskazini mwa California, na akachoka kuona divai yake ikipata medali mahali pamoja na kutupwa mahali pengine. Akawashawishi waandaaji wa shindano la divai la Maonyesho ya Jimbo la California, yanayofanyika hapahapa Sacramento, wamruhusu kuwapima waamuzi. Kati ya bilauri nyingi za kuonja, kila mwamuzi aliletewa divai moja mara tatu, kutoka chupa ileile, bila kuambiwa. Matokeo yalichapishwa 2008. Takriban mmoja kati ya kumi ndiye aliyeweza kuiweka divai ile kwenye kundi moja la medali mara zote. Wengine ilikuwa leo dhahabu, baada ya dakika chache hakuna kitu.

Kwa hiyo siko peke yangu. Lakini faraja hiyo haikudumu. Wale walikosea kwa kuchoka na kwa bahati. Mimi nilikosea kwa upande mmoja tu, upande ambao divai ile ilitengenezwa ili nikosee. Sukari inafunika uchachu, inafunika uchungu, inalainisha ukakasi, na kwenye funda la kwanza hakuna kinachoishinda. Nasi tunaotoa alama hutoa kwa funda la kwanza. Daftari langu lote limejaa mafunda ya kwanza.

Nilihesabu. Kwenye kurasa za mwaka uliopita, michanganyiko kumi na minane myekundu niliyoipa zaidi ya 87. Nilizipata karatasi za kumi na moja. Nane zilipita gramu 6.

Lodi

Wiki moja kabla hajaondoka tulikwenda Lodi, chini ya saa moja kwa gari kuelekea kusini. Mapema Oktoba, mavuno yamekwisha karibu kote. Udongo wa kule ni mchanga, na mchanga uliwasaidia: yule mdudu wa mizizi, filoksera, aliyeangamiza mashamba mengi ya dunia, hastawi kwenye mchanga, kwa hiyo bado kuna mizabibu mizee iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe. Haina nyaya wala nguzo. Kila mmoja umesimama peke yake, mfupi, mnene, umejikunja.

"Mbona kama mibuyu midogo," shemeji akasema, akaushika mmoja shingoni.

Mwenye shamba alituruhusu kutembea. Alitueleza kwamba waliopanda hawakutenganisha: Zinfandel nyingi, katikati yake Carignane, Petite Sirah, miche kadhaa ya Alicante Bouschet. Walipanda pamoja, wanavuna pamoja siku moja, zinachachuka pamoja kwenye tangi moja. Nilimtafsiria shemeji. Nilitegemea aseme tena wamechakachua.

"Kama mahindi na kunde," alisema.

Akataka kujua kwa nini hiyo Alicante. Nikamweleza habari za miaka ya marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933. Viwanda vingi vya divai vilifungwa lakini mkuu wa kaya aliachiwa mwanya wa kutengeneza hadi galoni 200 kwa mwaka nyumbani, karibu lita 760, kwa jina la juisi ya matunda. Zabibu za California zikapanda treni kwenda Chicago na New York. Alicante ilipendwa kwa sababu ngozi yake ngumu ilivumilia safari na nyama yake ni nyekundu: ukishaikamua unaweza kuongeza maji na sukari juu ya makapi, ukaikamua tena, na rangi bado ipo.

"Ahaa." Shemeji aliangaza uso. "Kumbe kuchakachua kulianzia nyumbani kwa wateja."

Kwenye mche mmoja kulibaki vichala vidogo vya mwisho ambavyo wavunaji huviacha. Akaomba ruhusa kwa ishara, akachuma punje, akatafuna, akatema mbegu kiganjani na kuzitazama rangi. "Sukari ipo. Uchachu nao upo." Kisha akaniuliza wanavuna mara ngapi.

"Mara moja kwa mwaka."

"Mara moja? Miezi mingine mti unafanya nini?"

"Unalala."

Alicheka hadi akashika goti. Kwake Hombolo anavuna mara mbili, na mzabibu usipoukata wewe hauna msimu wa kuuambia upumzike. "Wa kwangu haujawahi kulala hata siku moja," alisema, na sauti ilikuwa na huruma kidogo, sikujua ni kwa mti upi.

Divai ya shamba lile tuliionjea kwenye meza ya mbao nje ya ghala. Asilimia 14.8 kwenye kibandiko, na sasa mnajua ya kuamini kiasi gani. Ilikuwa na ukakasi wa wazi, uchachu uliofanya mate yatoke, na kwenye funda la kwanza haikunipendeza sana. Sikuandika. Nilikunywa bilauri nzima taratibu, na kipande cha jibini na mkate, karibu saa moja, na pale mwishoni ndipo nilipogundua nimekuwa nikiisogeza bilauri ili harufu isinipite.

"Tamu?" nikamuuliza shemeji.

Alifikiri. "Inakuja," akasema.

Daftari

Ile 88 sijaifuta. Nilishika kalamu mara mbili nikashindwa, kwa sababu ukweli ni kwamba jioni ile niliipenda, na kuandika 79 leo ni kujifanya kwamba sikuwepo. Nimeongeza mistari miwili chini yake: gramu za sukari, na alama ya saa moja baadaye, pamoja na chakula. Ukurasa unaonekana mchafu. Kazini nako, mteja akiniuliza kama divai fulani ina utamu, namwambia ina sukari kidogo, gramu kadhaa. Wawili wamebadilisha oda. Wengi wameagiza vilevile, na mmoja alinishukuru kama mtu aliyeambiwa kwamba zipu yake iko wazi. Meneja bado hajajua, au anajua na anasubiri mauzo ya mwezi.

Shemeji amesharudi. Aliondoka na plasta ya dawa kwenye begi, nikadhani amekosea.

Jana alituma picha kwenye simu. Meza ya plastiki chini ya mwembe, vikombe vitatu vya bati, kila kimoja na kipande cha plasta na namba. Nyuma yake mama mkwe amekaa kwenye kigoda, kashika kimoja, uso umekunjamana kwa mawazo.

Chini ya picha ameandika: "Mama amechagua namba mbili. Bado sijamwambia."